Kufuli Halikuvunjwa

Patrobas alipoingia nyumbani jioni ile ya Jumapili hakusalimu. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akamtazama mkewe, halafu akamuuliza kwa Kibukusu, Kiluhya cha kwao, polepole, ni lini alimpa Nasambu wimbo wake.

Triza alikuwa anachambua sukuma wiki kwenye ungo. Alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Patrobas akarudia neno kwa neno. Hapo Triza akajua kwamba huo si utani, maana Patrobas akitania huanza kucheka mwenyewe kabla hajafika kwenye utani.

Ngoja nikuweke sawa kabla hatujaenda mbali, usije ukapotea njiani ukanilaumu mimi. Nasambu ni mdogo wake Triza. Anaishi mtaa wa Baba Dogo na anaimba alto katika kwaya ya kanisa la huko. Mchana wa Jumapili hiyo Patrobas, ambaye ni mwalimu wa kwaya ya kanisa lao mtaani Umoja, alikuwa amealikwa Baba Dogo kwenye mchango wa kuezeka kanisa. Watu wamekaa, soda zimegawanywa, kwaya ya wenyeji ikasimama, na wimbo walioutoa ulikuwa wake. Sisemi unafanana na wake. Ulikuwa wake, kuanzia pale besi wanapoingia peke yao hadi pale soprano wanaporuka juu na kukaa huko huko mpaka moyo unakudunda. Wimbo ambao hata kwaya yake mwenyewe ilikuwa haijausikia. Alikuwa ameuficha hadi siku za mwisho kabla ya tamasha la kwaya za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako kila kwaya hutakiwa kuja na wimbo mpya usiowahi kuimbwa popote.

"Wimbo uko kwenye kompyuta," alisema. "Kompyuta imefungwa. Neno la kuifungua linajulikana na watu wawili duniani. Mmoja ni mimi."

Hakumaliza hesabu hiyo, na Triza hakuhitaji amalizie. Aliuweka ungo chini.

"Baba Nakhumicha, mimi sikumpa mtu kitu."

"Basi wimbo ulijifungulia wenyewe ukatoka."

Akaenda kunawa. Chakula alikula, akashukuru vizuri, lakini kwa ile sauti mtu anayomshukuru nayo mwenye nyumba aliyemkaribisha kwa mara ya kwanza. Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na kitu, na sauti hiyo Triza hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake. Iliuma kuliko kama angefokewa.

Usimhukumu Patrobas mbio mbio. Mwaka uliotangulia karatasi zake za solfa, zile noti za do-re-mi, zilizagaa, moja ikabaki kanisani, nyingine ikafungiwa mandazi, na kufika tamasha wimbo wake ulikuwa umeshaimbwa na kwaya mbili nyingine. Watu walimcheka. Mtu mzima, karani wa ofisi kubwa mjini, amesimama na tai mbele ya watu anaongoza wimbo ambao umati unaujua! Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatatumia karatasi tena. Ofisi yao ilipobadilisha kompyuta akanunua moja ya zile kuukuu, akaiweka sebuleni kwenye meza ya pembeni, Triza akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Kisha akatafutwa Amolo, kijana wa Buruburu anayetengeneza kompyuta za maofisi, aje aitie kufuli.

Kufuli lenyewe si la chuma. Ni programu. Inachukua kila ulichoandika na kukivuruga kiwe makorokocho yasiyosomeka, na hakirudi kuwa maandishi mpaka uandike neno la siri. Amolo alisema mtu asiyelijua neno hilo anaweza kukaa na ile diski mpaka azeeke. Alisema pia kwamba mwenyewe akilisahau, au akifa nalo, ndiyo basi, hakuna fundi wa kumsaidia. Ndiyo maana Patrobas alimwita mkewe siku hiyo, akamnong'oneza neno lenyewe sikioni, na Triza akafurahi mpaka akaona haya. Halikuwa neno hasa. Zilikuwa herufi za solfa za mwanzo wa wimbo uliomwingiza kanisani siku ya harusi yao.

Sasa furaha hiyo ndiyo iliyomrudia ikiwa kosa.

Lakini Triza naye ana tabia yake. Ni mwalimu wa nasari, na nadhani watoto wamemwambukiza: akishaanza kuuliza kwa nini, haachi. Ukimpa redio iliyoharibika atakushukuru. Kwa hiyo katikati ya uchungu wote ule, wakati mwanamke mwingine angekuwa analia au anafunga nguo arudi kwao Webuye, yeye alikuwa na swali limemkaa kama mwiba. Alijua kwa hakika hakuutoa wimbo. Alijua kwa hakika wimbo umetoka. Basi ulipitia wapi? Alijikuta anaitazama kompyuta chini ya kitambaa chake, anaizunguka, anachungulia nyuma kwenye nyaya. Alitaka kujisafisha, ndiyo, lakini kusema kweli alitaka pia kujua.

"Mwite Amolo," alimwambia mumewe. "Aangalie kama kufuli linapitika. Ukiwepo wewe mwenyewe."

Patrobas alikubali. Nadhani naye moyoni alitaka kufuli liwe bovu, ili mke awe mzima.

Amolo alikuja Jumamosi na mkoba wa bisibisi na diski ndogo. Aliwasalimu, akampa Triza heshima zake, akakaa mbele ya mashine na kuchokora kwa muda mrefu huku chai ikipoa. Mwishowe akaegemea nyuma.

"Mzee, lock iko poa. Haijaguswa. Hakuna mtu amejaribu kuivunja."

Patrobas alimtazama mkewe, halafu akatazama dirishani.

"Ngoja," alisema Triza. "Nieleze kama unayemweleza mtoto wa nasari. Hilo kufuli linalinda nini hasa?"

Amolo alionekana kulifurahia swali hilo, maana wateja wengi humuuliza bei tu. "Inalinda diski ikiwa imelala, mama. Mwizi akibeba hii mashine, akatoa diski, akaenda nayo kwa mafundi wa River Road, atapata takataka. Lakini mzee akishaweka neno, imeamka. Na ikiamka, imeamka kwa kila mtu aliye mbele yake. Haijui nani ni nani."

"Na akiiacha wazi aende msalani?"

"Itabaki wazi."

"Na akiandika kitu kwenye diski ndogo, akatoka nayo?"

"Diski ndogo ina habari yake. Kufuli iko kwa hii kubwa, na si yote. Mnaona, niliigawa mara mbili. Kuna chumba cha ndani, kile kimefungwa, na kuna huku nje ambako mashine yenyewe hufanyia kazi zake. Huku nje hakuna kufuli. Ukifunga huku, mashine haitawaka."

Triza alivuta kiti karibu. "Kazi gani inafanya huko nje?"

Amolo alikuna kidevu. Kisha akarudi kwenye kibodi, na safari hii hakuandika neno la siri. Alipita huku na kule kwenye hicho chumba cha nje, akafungua kitu chenye jina la ajabu lisilotamkika. Kioo kikajaa alama ovyo, nyota na mistari na vinyuso vidogo. Akashuka chini, akashuka tena. Katikati ya takataka hizo vikatokea vistari vya herufi: s, l, s, m, halafu nafasi, halafu d, r, m. Triza akaanza kuziimba kabla hajajua anaimba. Ilikuwa sauti ya besi, pale wanapoingia peke yao.

"Hii programu ya kuandikia ina mazoea," Amolo alisema, na alionekana kama aliyeaibika kidogo. "Kila baada ya muda inajiwekea nakala, isije stima ikakatika kazi ikaenda. Na nakala inaweka huku nje. Mzee akimaliza inaifuta, lakini kufuta kwa kompyuta si kufuta. Ni kama kutoa jina mlangoni na kumwacha mpangaji ndani."

Triza alihisi kifua kimefunguka. Alimgeukia mumewe karibu acheke. "Umeona? Mtu hakuhitaji hata neno la siri. Wimbo ulikuwa umelala nje siku zote."

Patrobas alikuwa amesimama nyuma yao. Aliposema, alisema kwa Kibukusu, ili Amolo asielewe.

"Mtu gani? Mlango wa nyumba hii una funguo mbili. Mmoja uko mfukoni mwangu. Nakhumicha yuko shule ya bweni, na wageni wetu hawajawahi kuigusa hii mashine. Kwa hiyo unaniambia kwamba hukuhitaji hata kulitumia neno nililokupa."

Amolo alikunywa chai yake baridi haraka haraka na kuaga. Hakuelewa maneno, lakini uso wa mama aliuona.

Siku zilizofuata nyumba ile ilijaa kimya cha kutia baridi. Patrobas aliendelea kukaa kwenye kompyuta yake kila jioni, sasa akitunga wimbo mwingine wa kuokoa tamasha. Triza akawa anahamia jikoni nyuma ya ua anapomwona anakaa, ili asije akaambiwa kwamba ameona kitu. Fikiria mtu anakwepa sebule yake mwenyewe. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kuchanganyikiwa, kwa sababu hata yeye, kama angeambiwa habari hii ya watu wengine, angesema ni mke. Nani mwingine? Kufuli zima, mlango mzima, wimbo uko Baba Dogo kwa dada yake.

Ndipo akaamua kuliacha kufuli. Kama mlango wa kutokea hauonekani, atauanzia wimbo kule ulikofikia na kurudi nao kinyumenyume.

Nasambu alikuwa ameshamwapia kwamba hajui lolote. Walifundishwa wimbo na mwalimu wao, Seth, kama wanavyofundishwa nyimbo zote. Kwa hiyo Jumatano Triza alitoka nasari na kwenda moja kwa moja Baba Dogo kwenye mazoezi ya kwaya. Viwanda vilikuwa vinatoa watu wa zamu ya mchana, na nusu ya kwaya walifika na ovaroli zao. Alimsubiri Seth, mtu mrefu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, apange viti, akamuuliza bila kuzunguka wimbo ule aliutoa wapi.

"Ule?" Seth alisema. "Mimi niliupanga sauti za kati tu, palikuwa na mapengo. Wimbo uliletwa na mama mmoja wa soprano. Aliniambia ni wa kitabuni. Yule pale anaingia."

Triza aligeuka. Aliyekuwa anaingia, na mfuko wa nyuzi za sweta mkononi, alikuwa Awuor. Mama Caleb. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule Umoja.

"Mama Nakhumicha," Awuor alisema, uso umejaa furaha. "Leo umekuja kwetu? Karibu, karibu sana. Umekuja kuimba?"

Hebu nikueleze Awuor ni nani, kwa sababu ukimwona utamsingizia ubaya na si mtu wa ubaya. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo pale Baba Dogo miaka mingi. Kiwanda kilipopunguza watu akahamia Umoja, akanunua mashine ya kufumia, na sasa hufuma sweta za shule sebuleni kwake kutoka asubuhi hadi jioni. Kanisa hakuhama. Kila Jumatano na Jumapili anarudi Baba Dogo kwa wenzake. Na Triza alilijua hilo. Alimwona akitoka kila Jumapili na gauni lake la buluu. Hakuwahi kuuliza anaelekea kanisa gani, yeye anayeuliza kila kitu.

"Mama Caleb," Triza alisema. "Ule wimbo wa besi wanaoanza peke yao. Uliupata wapi?"

"Si ni kwenu," Awuor alisema.

"Kwetu nani?"

"Kwani kuna wangapi? Baba Nakhumicha. Si huusoma kila jioni?" Awuor aliweka mfuko wa nyuzi kwenye kiti. "Anasoma mstari, do, do, re, mi, anaurudia, anasimama, anasoma mwingine. Nikisimamisha mashine kubadilisha uzi naupata wote. Nikaona huu wimbo ni mtamu, nitamuuliza uko kitabu gani. Halafu kazi zikanisonga nikasahau kuuliza. Kuna ubaya?"

Triza alikuwa anasikia jioni zake zote zikirudi kichwani. Patrobas na vidole vyake viwili kwenye kibodi, akibonyeza s huku akisema so, akibonyeza l huku akisema la, kwa sauti ile ile ya kufundishia kwaya. Kila jioni. Yeye alikuwa humo humo ndani na hakuwahi kuisikia, kwa sababu hata yeye angefanya vivyo hivyo. Wote walilelewa hivyo kule nyumbani, chini ya ubao wenye solfa na mwalimu mwenye fimbo: huandiki so bila kusema so, ukiandika kimya utakosea. Kwao kuandika na kuimba ni kazi moja. Na mtu aliyelelewa hivyo hivyo, akiwa upande wa pili wa ukuta, haibi chochote. Anasomewa imla.

Diski ilikuwa imefungwa. Nakala za nje zilikuwa zimejificha kwenye takataka. Hakuna aliyezigusa. Wimbo ulitoka kwa mdomo, jioni baada ya jioni, ukapita kwenye ukuta wa jiwe jembamba ukaingia kwa mama anayebadilisha uzi, naye akausikia akiamini kwamba mtu anayesoma kwa sauti kubwa hivyo anasoma kitu kilichokwisha kuchapishwa.

"Lakini ulisikia tukigombana," Triza alisema. "Jumapili ile. Ulisikia ninavyolaumiwa."

Awuor akatazama chini. "Nilisikia mnagombana. Niliumia. Lakini mligombana kwa Kiluhya, mama. Mimi ni Mjaluo. Ningejuaje ni kwa ajili ya wimbo?"

Do na re alielewa. Hayo mengine yote hakuelewa hata neno.

"Tena," Awuor aliendelea, akitafuta cha kumfariji, "mimi ninayopenda zaidi ni ile fupi ya kuanzia. Ile anayoiimba kabla ya zote, kila siku, halafu anaikata katikati. Ile ndiyo nikisikia najua amefika nyumbani." Akaiimba, kwa herufi zake, taratibu na bila kukosea hata moja.

Triza alicheka. Wanakwaya wakageuka kumtazama. Alicheka mpaka akashika kiti, kisha akakaa, na machozi yakamjia kwa wingi hata Nasambu akatoka kwenye mstari wa alto akaja kumshika bega. Neno la siri. Lile alilonong'onezewa sikioni. Jirani alikuwa nalo tangu mwanzo, analifumia sweta.

Seth, alipoelezwa, alivua miwani na kusema kwamba wimbo wa mtu aliye hai ni wa huyo mtu, na kwaya yake haitaugusa tena. Awuor alitaka kwenda kupiga magoti kwa Patrobas jioni hiyo hiyo. Triza akamkataza. Alimwomba kitu kingine kidogo.

Kesho yake Patrobas aliporudi kutoka kazini, kabla hajavua koti, Triza alimwambia kwamba Mama Caleb anamhitaji kwake, ana neno. Patrobas alikwenda na uso wa mtu anayetimiza wajibu. Awuor alimketisha kwenye kochi lililo ukutani, akampa chai, na mashine ya kufumia akaisimamisha.

Triza alibaki nyumbani. Alikiondoa kitambaa cheupe, akawasha kompyuta, akasubiri imalize kuunguruma. Ilipouliza neno, aliandika kama mumewe anavyoandika, kidole kimoja kimoja, na kila herufi akaiimba. Ulikuwa wimbo wake wa harusi. Kufuli likafunguka. Akautafuta ule wimbo wa tamasha, akausoma mstari wa besi, akaurudia, akasimama, akausoma wa pili, kwa sauti ile ile Patrobas anayotumia. Hakupaza. Alipofika pale soprano wanaporuka juu akaacha, akausogelea ukuta, akasema kwa Kibukusu, kama anayeongea na mtu aliye naye chumbani:

"Baba Nakhumicha, unanisikia?"

Alisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza.

"Nakusikia," Patrobas alisema, karibu sana, kama vile wamegusana mabega.

Aliporudi alisimama mlangoni na hakuingia mpaka alipoambiwa aingie. Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya nyimbo. Alisema, "Nimekukosea, Mama Nakhumicha," na akasema tena. Triza alimwambia ukweli: kwamba aliumia, kwamba alikuwa anaogopa kukaa sebuleni kwake, kwamba alijaribu kumchukia ikamshinda. Patrobas alisikiliza yote amesimama. Hakujitetea, na kwa hilo nampa heshima yake.

Kisha akafanya kile mwanamume wa namna yake hufanya akishindwa kusema zaidi: akatafuta cha kutengeneza. Alikaa kwenye kompyuta. Wimbo sasa alisema utaimbwa kanisani kwao, kama Seth ameuacha, na tamashani wataenda na ule mpya. Mashine ataihamishia ukuta wa pili. Na lile neno la zamani lazima liondoke, kwa kuwa mtaa wote unalo. Alifika pale programu inapodai neno jipya, akageuka na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Chagua wewe," alisema. "Neno lolote. Lako."

Triza alikuwa anakikunja kile kitambaa cheupe. Aliendelea kukikunja.

"Hapana," alisema. "Chagua mwenyewe, na usiniambie."

"Kwa nini? Na nikifa je? Nyimbo zote zitabaki humo milele."

"Zibaki." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka. "Siku uliyoninong'oneza lile la kwanza nilifurahi sana. Nilidhani umenipa kitu. Kumbe ulinipa kesi ya kujibu siku wimbo ukipotea."

Patrobas aliigeukia mashine, akabana midomo, na kuanza kuandika kimya.

Triza alitoka kwenda jikoni. Alifungua bomba, akayaacha maji yatiririke kwenye sufuria mpaka yakafurika, ili asisikie chochote.